Uwakala Ukikoma, Habari Imfikie Mtoza Kodi

Katika mji wa Kibiti, uliokaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambako aghalabu mtu hamfikii jirani yake ila kwa kuvuka mkono wa mto, biashara haijapata kuwa kazi ya mtu mmoja peke yake. Tajiri wa kamba ana mnunuzi wake Nyamisati, mwenye chombo ana nahodha wake, mkulima wa korosho ana chama chake cha msingi, na mwenye duka la jumla ana kijana wake wa kuuza; na wengi miongoni mwao, tangu hesabu za kodi zilipokuwa elimu ya peke yake yenye mitambo na tarehe zake, wana pia mhasibu, ambaye huenda makazi yake ni Mbagala au Kariakoo, na ambaye kila mwezi huandaa ritani na kuziwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa jina la mwenye mali. Mhasibu huyo anapoanza kazi habari zake huenea upesi, kwa kuwa yeye mwenyewe hujitambulisha kila aendako. Lakini siku anapoacha, ama kwa kufukuzwa, ama kwa kuchoka kudai ujira wake, ama kwa kupata riziki bora mahali pengine, wanaojua huwa ni wawili tu, na pengine hata mmoja wa wawili hao hana yakini.

Ukimya huo huonekana kuwa jambo dogo, tena la adabu, maana waungwana hawapendi kutangaza kuachana kwao. Walakini katika mambo ya kodi ukimya una gharama, na gharama hiyo humwangukia kwanza mwenye mali, kisha mhasibu aliyeondoka, na mwisho yule mpya anayekuja kushika kalamu. Kuacha kazi ya uwakala wa kodi hakutimii kwa wawili kukubaliana, wala kwa wawili kugombana; hutimia pale tu yule wa tatu, ambaye ndiye mtoza kodi, anapopashwa habari.

Deni ni la nani

Mamlaka ya Mapato, ambayo watu wote huiita TRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kila mwenye biashara huandikishwa kwake kwa namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, itolewayo bila malipo. Na tangu siku hiyo faradhi zote za kodi hufungamana na namba ile, si na mtu aliyeijaza fomu. Mwenye waajiriwa hupaswa kuwasilisha kodi ya mishahara kabla ya kupita tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na kodi ya zuio kadhalika. Aliyesajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hupeleka ritani yake kabla ya kupita tarehe 20. Kwa wale wanaofunga mwaka wa hesabu pamoja na Desemba, makadirio ya kodi ya mapato hutolewa kabla ya Machi kwisha, yakalipwa kwa mafungu manne, mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba, kisha ritani ya kufunga mwaka hutakiwa ndani ya miezi sita, yaani si zaidi ya tarehe 30 Juni. Na msimu wa kamba ukiwa umekwisha, ghala limebaki tupu na masanduku ya barafu yamefunikwa turubai, ritani ya ongezeko la thamani hupelekwa vilevile ikiwa na sifuri, kwani mtoza kodi hana njia ya kumpambanua mtu ambaye hakuuza na mtu ambaye hakusema.

Kwa wingi wa tarehe hizi si ajabu kwamba mwenye mali hutafuta msaidizi, na wasaidizi wenyewe si wa namna moja. Yuko karani wa hesabu aliyeajiriwa dukani. Yuko mhasibu wa nje mwenye wateja wengi. Yuko mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA. Na yuko mhasibu mwenye idhini ya kuhudumia umma chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ambaye ndiye sheria ya kodi ya mapato inamtaka aithibitishe ritani ya kampuni. Lakini hata wakikusanyika wote wanne chini ya paa moja, hapana hata mmoja anayelibeba deni lenyewe. Mhasibu aweza kukosea, akachelewa, au akatoweka na vitabu. TRA itamtafuta mwenye TIN, na mwenye TIN ndiye atakayebaki na shauri lake la kumdai fidia yule aliyemwamini. Hapo ndipo palipo na asili ya mambo yote yanayofuata: kazi imekabidhiwa, lakini wajibu haukuondoka nyumbani.

Miezi minne ya ukimya

Tutoe mfano, ambao si wa mtu yeyote hasa, lakini hautawashangaza wazoefu wa biashara za ukanda ule. Kampuni ndogo hununua kamba na kaa kwa wavuvi wa delta, watu wa Mbuchi, wa Msala na wa Maparoni, ikavikusanya Nyamisati na kuvipeleka Dar es Salaam usiku kwa gari la barafu. Ilipoandikishwa TRA, mwenye kampuni hakuwa na barua pepe, na simu yake, akiwa ng'ambo ya mto, ilikuwa haipatikani mara nyingi zaidi kuliko ilivyopatikana. Basi katika fomu ikaandikwa barua pepe ya mhasibu, na namba ya simu ya mhasibu, na neno la siri la akaunti ya mtandaoni likatungwa na mhasibu mwenyewe, akaliandika katika daftari lake. Hapana aliyekusudia hila katika hayo; ilikuwa njia nyepesi, na kazi ikaenda. Mwezi wa Septemba, baada ya ritani ya Agosti kuwasilishwa, wawili hao wakakosana juu ya ujira, wakaachana kwa maneno makali katika simu. Na mwenye kampuni, akiwa ameshikwa na shughuli za msimu, akasema moyoni kwamba mhasibu mwingine atapatikana mwaka mpya ukiingia.

Katika muda huo fungu la Septemba na la Desemba hayakulipwa, na ritani zilizotakiwa mwezi wa Oktoba, wa Novemba na wa Desemba hazikupelekwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, ritani iliyochelewa huzaa adhabu kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na kodi isiyolipwa huzaa riba inayojumlishwa mwezi kwa mwezi. Hasara hiyo peke yake ingetosha kumkosesha mtu usingizi, lakini kubwa zaidi ilikuwa bado njiani. Mwezi wa Novemba ofisa wa kodi, baada ya kulinganisha risiti za mashine ya kielektroniki ya kodi, yaani EFD, na ritani alizokuwa nazo, akaandaa hati ya makadirio na kuituma kwa anwani aliyoijua. Na anwani aliyoijua ilikuwa ya mhasibu yule yule aliyekwisha kuondoka. Sheria humpa mlipakodi siku 30 za kuweka pingamizi tangu afikishiwe uamuzi, tena humtaka alipe kwanza kiasi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa, ndipo pingamizi lake lipokelewe. Mhasibu aliiona hati ile, akasema nafsini mwake kwamba yeye si mtu wa kampuni ile tena, na kwamba aliyemnyima haki yake asimtarajie kumfanyia hisani, akaiacha. Siku 30 zikapita kama zinavyopita.

Mwenye kampuni alipokuja kupata habari, mwezi Januari, mlango haukuwa umefungwa kabisa, maana sheria inamruhusu kumwomba Kamishna Mkuu amwongezee muda kwa sababu ya kuridhisha. Lakini ilimpasa aitaje sababu hiyo, na sababu yenyewe ilikuwa kwamba hati ilipelekwa kwa mtu asiye wakala wake. Ofisa yeyote mwenye busara angemwuliza swali moja tu: sisi tungejuaje? Na swali hilo halina jawabu zuri.

Mtu asidhani kwamba mhasibu aliyeondoka hutoka katika hadithi hii salama. Maadamu neno la siri alilolitunga bado linafungua akaunti ile, ikitokea ritani ya uongo kuwasilishwa, ama na karani aliyewahi kuliona daftari lake, ama na mwenye kampuni mwenyewe kwa kutaka kujiokoa, atakayeulizwa wa kwanza ni yeye. Naye atakosa hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba siku ile hakuwa tena na idhini. Mhasibu mpya naye huirithi akaunti yenye mapengo, asijue ritani ipi ilipelekwa na ipi ilisemwa tu kuwa imepelekwa, akatumia miezi yake ya mwanzo kuchimbua yaliyopita badala ya kuyaangalia yajayo. Na mteja, ambaye hupokea ankara ya kazi hiyo, hudhani anaibiwa.

Haki ya mtu wa tatu

Wanasheria waliliona jambo hili zamani sana, kabla ya mitambo na maneno ya siri. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, imeliweka bila ya shaka: kuondolewa kwa mamlaka ya wakala hakuna nguvu juu ya wakala mwenyewe mpaka akujue, wala hakuna nguvu juu ya watu wengine mpaka na wao wakujue. Sheria hiyo imeongeza kwamba anayeuondoa uwakala, au wakala anayejiuzulu, hupaswa kumpa mwenziwe ilani ya kutosha, na asipofanya hivyo hulipa hasara iliyotokana na kutompasha. Yaani mamlaka niliyompa mtu mbele ya macho ya wengine siwezi kuyafuta kwa kunuia tu. Yaliyoonekana yakitolewa hayana budi kuonekana yakirudishwa.

Wakaazi wa Mwambao, ambao wengi wao wamelelewa katika fikihi ya Imamu Shafii, wanalijua swali hili kwa sura nyingine. Uwakala, wasema mafakihi, ni mkataba ambao kila upande una hiari ya kuuvunja wakati wowote. Na pale mwenye mali anapomuuzulu wakala wake aliye mbali, kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba ameuzulika papo hapo, hata kama habari haijamfikia. Mahanafi hawakuridhia hayo, wakashika kwamba wakala hauzuliki mpaka apate kujua, kwa kuchelea madhara ya wale wanaoamiliana naye kwa nia njema. Utaona kwamba sheria ya nchi, kwa jambo hili, imeelekea upande wa pili, na hekima yake ni nyepesi kufahamika: aliyeukata uwakala ana uwezo wa kutoa habari, na wa tatu hana uwezo wa kuotea, basi mzigo na uwe juu ya mwenye uwezo.

Katika kodi, wa tatu huyo ni TRA. Yeye hakuhudhuria ugomvi wa Septemba, wala hakusikia maneno yaliyosemwa katika simu. Alionyeshwa jina, namba na barua pepe, akaambiwa, huyu ndiye msemaji wetu. Na mpaka aambiwe vingine, ana haki ya kuendelea kusema na msemaji yule, na kuihesabu barua iliyofika katika anwani ya mwisho aliyoijua kuwa imemfikia mwenyewe.

Watu wa Rufiji wana kumbukumbu ndefu ya mtu wa kati katika mambo ya kodi. Wadachi walipoweka kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, waliikusanya kwa mikono ya majumbe na maakida, na dhuluma za ukusanyaji ule zikawa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, kusini ya mto. Zama hizo mtu wa kati alikuwa wa serikali, na serikali ilipomwondoa akida na kumweka mwingine, ilikuwa juu yake kuwatangazia watu ni nani sasa anayestahili kupokea. Leo mambo yamepinduka: mtu wa kati ni wa mlipakodi, amemchagua yeye na anamlipa yeye, na wajibu wa kutangaza mabadiliko umehama pamoja na haki ya kuchagua.

Wala si Tanzania peke yake iliyo na taratibu za namna hii. Nchini Uingereza mteja hutia sahihi fomu maalumu, maarufu kwa namba yake ya 64-8, inayomruhusu wakala kusema na mamlaka ya kodi kwa niaba yake; na idhini hiyo ikisha kuandikwa, kimya cha wawili hakiifuti. Huko hali kadhalika mhasibu mwangalifu, akiachana na mteja, huona kujitoa katika daftari la serikali kuwa sehemu ya mwisho ya kazi yake, si jambo la ziada.

Barua yenyewe

Barua ya kuarifu haihitaji ufasaha. Inahitaji tarehe, majina kamili na mipaka ya wazi ya lini kazi ilianza kuwa ya huyu na lini ilikoma kuwa ya yule. Mfano wake, katika mtindo wa barua za kiofisi za nchi hii, ni huu:

"Meneja, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Yah: Kukoma kwa uwakala wa mambo ya kodi, TIN (namba). Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunakuarifu kwamba kuanzia tarehe (siku, mwezi, mwaka) mhasibu (jina kamili) hana tena idhini ya kuwasilisha ritani, kupokea barua wala kujibu hoja kwa niaba ya kampuni yetu. Ritani ya mwisho aliyoiwasilisha kwa niaba yetu ni ya mwezi wa (mwezi na mwaka). Hoja za ofisi yako ambazo siku hiyo zilikuwa hazijajibiwa ni hizi (zitajwe). Tangu tarehe hiyo barua zote ziletwe kwa anwani, simu na barua pepe zifuatazo (ziandikwe). Nakala ya barua hii amepewa mhasibu aliyetajwa."

Chini yake hutiwa sahihi ya mkurugenzi na muhuri wa kampuni. Na nakala moja hurudishwa nyumbani ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana barua isiyo na alama ya kupokelewa ni maneno ya upande mmoja. Mhasibu naye asingoje ya mwenziwe. Aandike yake mwenyewe, fupi zaidi, akisema kwamba tangu tarehe fulani hamhudumii tena mlipakodi mwenye TIN fulani, na kwamba barua zitakazofika kwake baada ya siku hiyo atazirudisha au atazipeleka kwa mwenyewe. Barua mbili zikitaja tarehe moja, hapana mwanya wa ubishi. Zikitaja tarehe mbili, walau ubishi utajulikana mapema, kabla haujazaa riba.

Sababu ya kuachana isiandikwe. Ofisi ya kodi haina haja ya kujua nani alimnyima nani ujira, wala mhasibu hana ruhusa ya kuyafichua mambo ya mteja aliyoyajua kwa kuaminiwa. Siri hiyo humfunga hata baada ya uwakala kukoma. Ikiwa ameondoka kwa sababu alitakiwa aandike uongo, au ameona fedha ambazo asili yake ni haramu, hayo yana mlango wake: Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 imewaweka wahasibu miongoni mwa wenye wajibu wa kutoa taarifa, na imeeleza zipelekwe wapi. Barua ya kuarifu kukoma kwa uwakala si hati ya mashtaka, na anayeitumia kumchafua mwenziwe hujitia katika hatari ya kudaiwa.

Funguo na vitabu

Barua ikisha kupokelewa, linalofuata ni kuufunga mlango wa mtandaoni, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Mwenye kampuni aingie katika akaunti yake ya TRA, abadili neno la siri, aiondoe barua pepe na namba ya simu ya mhasibu wa zamani aweke zake mwenyewe, na amwondoe yule aliyeandikishwa kuwasilisha ritani kwa niaba yake. Asimkabidhi mhasibu mpya kila kitu kama alivyomkabidhi yule wa kwanza: barua pepe na simu ziwe za kampuni daima, mhasibu apewe nafasi ya kuzitumia tu, ili siku ya kuachana na huyu wa pili kazi iwe nyepesi. Na wakati huo huo atazame anwani nyingine zilizomo katika kumbukumbu hizo. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji baina ya mwaka 2015 na 2016, na kata za delta zikaangukia upande wa Kibiti. Mfanyabiashara aliyeandikishwa kabla ya hapo huenda bado anasomeka kuwa mtu wa wilaya ya Rufiji, yenye makao yake Utete, na barua yake ikazunguka njia ndefu kabla ya kumfikia.

Kisha vitabu. Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari, na sheria ya kodi imelitia jambo hilo mipaka: kumbukumbu za biashara sharti zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka mitano. Kwa hiyo makabidhiano yafanywe kwa orodha, kitabu kwa kitabu na faili kwa faili: ritani zilizopelekwa pamoja na uthibitisho wa kupokelewa kwake, stakabadhi za malipo ya kodi, hati za kodi ya zuio, taarifa za benki, ripoti za mashine ya EFD, mikataba, na barua zote za TRA, zilizojibiwa na zisizojibiwa. Wote wawili watie sahihi chini ya orodha, na kila mmoja abaki na nakala. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyofunika mashamba na makazi katika Rufiji na Kibiti, yaliwakumbusha wengi kwamba karatasi iliyo mahali pamoja tu ni karatasi iliyokwisha kupotea nusu. Mwenye akili ataomba apewe pia nakala za kielektroniki, aziweke mbali na maji.

Hapa huzuka ugomvi unaojulikana sana, nao ni wa mhasibu anayezuia vitabu mpaka alipwe. Sheria ya Mikataba haikumwacha mikono mitupu, maana inamruhusu wakala kuzishika karatasi za aliyemtuma mpaka alipwe haki yake ya kazi aliyoifanya juu ya karatasi hizo, ikiwa hapakuwa na makubaliano mengine. Lakini haki hiyo haisimamishi tarehe 20 ya mwezi, wala TRA haitamngojea mlipakodi kwa sababu vitabu vyake vimeshikwa Mbagala. Walio na busara hutenganisha mambo mawili: deni la ujira hupelekwa kwenye usuluhishi, na mwenye mali akaruhusiwa kunakili kila anachokihitaji kwa ritani inayokaribia. Bora zaidi ni kuliandika jambo hili katika mkataba wa kwanza kabisa, siku ambayo wote wawili bado wanachekeana, kwa kusema ni muda gani wa ilani utakaotolewa, ritani ya mwezi upi itakuwa ya mwisho, nani ataiarifu TRA, na vitabu vitarudi lini.

Na mhasibu mpya, kabla ya kukubali kazi, amwandikie yule wa zamani, kwa idhini ya mteja, amwulize kama liko jambo ambalo angepaswa kulijua kabla ya kuipokea. Huo ndio mwenendo unaotakiwa na maadili ya taaluma ya uhasibu, na si wivu wala upelelezi. Mteja anayekataa swali hilo lisiulizwe amekwisha kulijibu.

Mauti nayo

Yote tuliyoyaeleza yamewadhania watu wawili walio hai, wenye uwezo wa kushika kalamu. Lakini uwakala hukoma pia kwa mauti, na kwa kurukwa na akili, na kwa kufilisika, na hapo hapana barua ya mwenye mali wala ugomvi wa kuwajulisha watu. Mzee mwenye duka na mashua akifariki, mamlaka ya mhasibu wake hukoma pamoja naye. Ritani anazoendelea kuziwasilisha kwa mazoea, kwa jina la marehemu, hazina tena aliyemtuma. Warithi, nao wakiwa katika msiba na kisha katika mashauri ya mirathi, hukaa miezi bila kukumbuka kwamba TIN ya marehemu bado inahesabiwa siku zake, mpaka msimamizi wa mirathi anapokwenda kutaka kulihamisha jina la mali na kukuta deni lililokua juu ya kaburi.

Kwa hali hiyo sheria haikumwacha mhasibu aseme tu kwamba kazi yake imekwisha. Imemwekea kwamba uwakala ukikomeshwa na mauti au wazimu wa aliyemtuma, wakala hubaki na wajibu wa kuchukua kila hatua inayostahili, kwa niaba ya wale wanaosimama mahali pa marehemu, ili kuyalinda na kuyahifadhi mambo aliyokabidhiwa. Kwa mhasibu wa kodi hatua hizo hazina siri: kuiarifu TRA kwamba mlipakodi amefariki, kuwapa warithi orodha ya tarehe zinazokaribia na hoja zisizojibiwa, na kuvitunza vitabu mpaka mahakama imteue msimamizi wa kuvipokea. Akishindwa kupata mtu wa kumkabidhi, aandike hivyo, atie tarehe, na nakala aiweke.

Ikiwa sheria inamtaka wakala kutoa habari hata pale ambapo aliyemtuma hawezi tena kumshukuru wala kumlaumu, seuze pale ambapo wote wawili wa hai na ofisi ya kodi iko wazi. Anayesoma haya, akiwa na mhasibu aliyeachana naye mwaka huu au mwaka uliopita bila ya barua, afungue akaunti yake atazame ni jina la nani lililoandikwa pale. Na akiliona la mtu asiye wake tena, aandike barua kabla ya tarehe 20 ijayo.